HATI YA NYUMBA NA HAKI YA MWENYEWE

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyehalalisha biashara na kuharamisha riba, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Ama baada ya haya. Ndugu yetu mmoja alinijia baada ya sala ya Ijumaa, akaketi nami barazani, akanieleza jambo lililomnyima usingizi. Nyumba anayokaa aliirithi kwa babake, na babake aliinunua kwa mtu wa mtaa ule ule, kwa fedha taslimu, mbele ya mashahidi, na hati ikaandikwa katika daftari la serikali kwa jina lake. Miaka ishirini na mitatu imepita tangu siku hiyo. Sasa amekuja mama mmoja mtu mzima, ndugu wa yule aliyeuza, akasimama mlangoni akasema kwamba nyumba ile ilikuwa ya babake, na alipokufa hakupewa sehemu yake, wala hakuulizwa ilipouzwa. Akasema: Sikuja kugombana, mwanangu. Nimekuja ili usije ukasema mbele ya Mungu kwamba hukuambiwa. Kisha akaenda zake.

Ndugu huyu alikwenda kwa wakili, na wakili akamwambia akae raha mustarehe, kwani hati ni yake na muda wa madai umekwisha kupita. Lakini hakuweza kustarehe. Akaniuliza: Maalim, wakili amenijibu kwamba nyumba ni yangu kwa serikali. Mimi nauliza kama ni yangu kwa Mungu.

Sikumjibu siku ile. Si kwamba sikuijua hukumu, bali nilijua zaidi ya alivyodhani. Siku ilipouzwa nyumba ile mimi nilikuwapo. Niliitwa niwe shahidi, nami nilijua kwamba marehemu ameacha mjane na mwana mume mmoja na binti wawili, wala sikuuliza wale wanawake wako wapi, wala wamesema nini. Nilipewa kahawa nikanywa, nikatia mkono wangu katika karatasi, nikarudi kwangu. Basi maneno haya nayaandika kwa ajili ya ndugu yule, na kwa ajili yangu, na kwa ajili ya kila mwenye kununua nyumba au kuuza au kushuhudia, ili tutazame pamoja swali moja: Je, kilichothibitishwa na karatasi ni halali kwa sababu karatasi imekithibitisha?

MAS-ALA YA KWANZA: HATI NI KITU GANI?

Mtu asidhani kwamba nakusudia kuidharau hati. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, nayo ni ya 282 katika Suratul Baqara, yahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi, na ndani yake tumeamrishwa kushuhudiza tunapouziana. Basi dini yetu ilitangulia kutufunza kuandika, na mwenye kununua nyumba kwa maneno ya barazani tu, akitegemea kwamba fulani ni mtu mwema, ameacha mafunzo ya dini yake kabla hajaacha sheria ya serikali.

Lakini tazama hati imewekwa kwa kazi gani. Imewekwa iwe ushahidi wa haki ambayo imekwisha kuwako. Haki haizaliwi na hati, kama vile mtoto hazaliwi na cheti chake cha kuzaliwa. Wazee wetu wa Mwambao walilionja jambo hili tangu Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908, iliyomtaka kila mwenye ardhi apeleke madai yake aandikiwe. Na ardhi ambayo haikudaiwa ikahesabiwa kuwa ni ya serikali ya Kiingereza. Wako waliokuwa na haki wakakosa hati, na wako waliopata hati pasipo haki. Yule aliyedhulumiwa hakuona kwamba karatasi ya mwenziwe imemwondolea haki yake. Basi na sisi tusione hivyo zamu inapokuwa yetu ya kushika karatasi.

Mtume, rehema na amani zimshukie, alilibainisha hili kwa maneno yaliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Ummu Salama, na maana yake ni kwamba yeye ni mwanadamu, na watu huja kwake kuteta, na huenda mmoja akawa fasaha wa hoja kuliko mwenziwe, naye akamhukumia kwa aliyoyasikia. Lakini atakayepewa kwa hukumu hiyo haki ya nduguye asiichukue, kwani ni kipande cha moto alichokatiwa. Ikiwa hukumu ya Mtume mwenyewe, kwa dhahiri ya ushahidi, haimhalalishii mtu kitu ambacho moyoni anajua si chake, basi muhuri wa karani wa ardhi utamhalalishia vipi?

MAS-ALA YA PILI: ALIYEUZA ALIUZA NINI?

Mtu akifa, mali yake huwa ya warithi wake tangu saa hiyo, baada ya kutolewa gharama za maziko, na madeni, na wasia. Haingoji arubaini, haingoji mwana mkubwa arudi safari, wala haingoji ndugu wapatane. Kila tofali la nyumba lina wenyewe. Na Mwenyezi Mungu amesema katika Suratun Nisaa, aya ya 7, kwa maana yake, kwamba wanaume wana fungu na wanawake wana fungu katika waliyoyaacha wazazi, yawe machache au mengi.

Tuihesabu nyumba ya swali letu. Marehemu ameacha mke, mwana mume mmoja na binti wawili. Mke ana thumni, yaani moja ya nane, na kilichobaki wanagawana watoto, mwana mume mara mbili ya binti. Tukiigawa nyumba mafungu kumi na sita, mke ana mawili, mwana mume ana saba, na kila binti ana matatu na nusu. Ikiwa thamani ya nyumba ni shilingi 2,400,000, mke ana 300,000, mwana mume 1,050,000, na kila binti 525,000. Mwana mume yule alisimama peke yake, akauza mafungu kumi na sita, naye ana saba.

Je, bei ile ilisihi? Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Imam Shafii wanasema kwamba mtu akiuza mali yake na mali ya mwingine kwa mkataba mmoja, kauli yenye nguvu zaidi ni kwamba bei yasihi katika mali yake kwa hisa yake ya thamani, na katika mali ya mwingine ni batili. Kwa hiyo siku ile mzee yule alinunua mafungu saba. Tisa yaliyobaki hakuyanunua, ingawa aliyalipia. Na mjane alipofariki baadaye, na warithi wake ni watoto wale wale watatu, mafungu yake mawili yaliwashukia, moja kwa mwana mume, na nusu nusu kwa kila binti. Basi leo kila binti ana mafungu manne, yaani robo, na nusu nzima ya nyumba ni ya wanawake wawili ambao hawajapata kulala ndani yake tangu ilipouzwa.

Huenda msemaji akasema: Hii ndiyo ada yetu, mwana mkubwa ndiye msimamizi wa nyumba, na dada zake huridhika. Jawabu ni kwamba ridhaa haijulikani kwa kunyamaza kwa mwenye haya. Dada zetu wengi hunyamaza kwa kuogopa kuambiwa kwamba wamemshitaki ndugu yao, au kwa kuogopa kwamba siku wakiachwa na waume zao hawatakuwa na mlango wa kurudia. Kunyamaza huko ni hofu. Aliyeridhia kweli atasema mwenyewe, mbele ya mashahidi, baada ya kuambiwa fungu lake ni kiasi gani. Na sheria ya Kenya nayo hairuhusu nyumba ya marehemu iuzwe kabla mahakama haijamthibitisha msimamizi wa mirathi. Na Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 170, imewapa makadhi mamlaka ya mirathi ya Waislamu wanaoridhia kuhukumiwa nao. Njia iko wazi. Anayeiacha ameiacha kwa kutaka.

MAS-ALA YA TATU: MUDA UKIPITA HAKI HUFA?

Hapa ndipo wakili alipomtuliza ndugu yetu. Katika sheria za Kenya, na za Tanzania Bara vilevile, madai ya kurudishiwa ardhi yana muda wa miaka kumi na miwili, na ukipita huenda mdai asisikilizwe. Kanuni hii ina hekima, kwani mashahidi hufa, na karatasi huliwa na mchwa, na kama kila dai la kale lingefunguliwa watu wasingepata utulivu.

Hata dola za Kiislamu zilikuwa na kanuni kama hiyo. Majalla ya Dola ya Othmaniya, iliyokamilishwa mwaka 1876, ilimkataza kadhi kusikiliza madai mengi yaliyopita miaka kumi na mitano. Lakini Majalla hiyo hiyo ilitamka kwamba haki haianguki kwa kupita zamani, na kwamba mdaiwa akikiri mwenyewe mbele ya hakimu kuwa mwenziwe ana haki, kupita kwa muda hakumfai kitu. Fahamu tofauti hii, kwani ndiyo roho ya maneno yetu. Muda hufunga mlango wa mahakama, wala haumpi aliye ndani kitu kisicho chake. Na kwa Mwenyezi Mungu hakuna mlango wa kufunga. Mtume ametuonya kwamba mwenye kudhulumu ardhi kadiri ya shibiri atavikwa shingoni siku ya Kiyama ardhi saba. Wala hakusema isipokuwa ikishapita miaka kadha.

Basi yule aliyejua, kisha akajificha nyuma ya miaka kumi na miwili, ni kama mtu aliyekopa, mkopeshaji wake akapoteza karatasi, naye akashukuru Mungu kwa kupotea kwake. Deni liko pale pale, naye ameliongezea hila.

MAS-ALA YA NNE: MNUNUZI ASIYEJUA ANA KOSA GANI?

Hili ndilo zito, na ndugu yetu aliniuliza akiwa na machozi. Alisema: Babangu hakuiba. Alitoa jasho lake la miaka mingi baharini. Na aliyeuza amekwisha kufa wala hakuacha kitu. Kwa nini nilipe mimi?

Namjibu hivi. Dhambi na haki ni vitu viwili mbalimbali. Babako hana dhambi, kwa kuwa hakujua, na twamtaraji kwa Mungu malipo mema. Lakini kutojua kwake hakukuondoa haki ya mwingine. Mtu akinunua ng'ombe sokoni, kisha akaja mwenyewe mwenye kuibiwa akathibitisha, ng'ombe hurudi kwa mwenyewe, na mnunuzi humfuata aliyemwuzia kwa fedha zake. Wanavyuoni wameliita jambo hili dhamana ya daraka. Akiwa muuzaji hapatikani, hasara imemshukia mnunuzi kwa mkono wa muuzaji, si kwa mkono wa mwenye mali, na haifai kumpokonya aliyedhulumiwa mara ya kwanza ili kumpoza aliyedhulumiwa mara ya pili.

Na wala msidhani kwamba hii ni shida ya fiqhi peke yake. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012, katika kifungu cha 26, imeifanya hati kuwa ushahidi wa kutosha, kisha ikaivua nguvu hiyo pale ilipopatikana kinyume cha sheria, au pasipo utaratibu, au kwa njia ya rushwa. Na mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua shauri la kiwanja cha Nyali, Mombasa, kilichokuwa eneo la umma kikagawiwa kinyume cha utaratibu, kisha kikauzwa kutoka mkono hadi mkono. Ikasema kwamba mnunuzi wa mwisho hawezi kukingwa na hati ikiwa mzizi wake ni mbovu. Angalia jinsi mahakama ya dunia ilivyorudi, baada ya safari ndefu, kwenye maneno yaliyo katika vitabu vyetu, kwamba ubovu wa mzizi hufuata mpaka kwenye tawi.

Huenda msemaji akasema: Ikiwa ni hivyo, hapana mtu atakayethubutu kununua nyumba, kwani nani ajuaye yaliyotendeka miaka mia iliyopita? Jawabu ni kwamba Mwenyezi Mungu hakutukalifisha kujua ghaibu. Mwenye nyumba mkononi mwake, anayeitumia kama mwenyewe bila kupingwa, huhesabiwa kuwa ni yake mpaka idhihirike kinyume. Tulilokalifishwa ni kuuliza linaloulizika. Tazama daftari la ardhi, uliza majirani wa kulia na kushoto, uliza nyumba ilipatikana kwa kununua au kwa kurithi. Na ikiwa ni kwa kurithi, uliza warithi ni nani, nenda ukawaone, wanawake kabla ya wanaume. Uliza pia kama si wakfu, maana Sayyidna Omar alipoiweka wakfu ardhi yake ya Khaybar ilishartiwa isiuzwe, wala isitolewe tunu, wala isirithiwe. Na katika miji yetu ya kale, tangu Lamu hadi Unguja, nyumba za wakfu si chache. Ukiisha kuuliza hivyo, ukanunua, umefanya wajibu wako. Kikidhihiri kitu baadaye, basi wajibu mwingine umeanza.

MAS-ALA YA TANO: AIBU YA NYUMBA NA ULIMI WA MUUZAJI

Tulitazame na jambo la kila siku. Muuzaji anajua kwamba boriti za dari zimeliwa, ila amezipaka chokaa juu. Anajua kwamba mvua za masika zikinyesha maji huingia chumba cha nyuma, basi huiuza kiangazi. Akiulizwa husema: Tazama mwenyewe, nauza kama ilivyo.

Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ametaja katika Minhaji, kitabu kisomwacho katika madarasa yetu ya pwani, kwamba muuzaji akishartisha kuepukana na aibu za kitu, kauli yenye nguvu zaidi ni kwamba sharti hilo humwokoa katika mnyama tu, kwa aibu ya ndani asiyoijua, wala halimwokoi katika kitu kingine. Nyumba si mnyama. Basi neno la kama ilivyo si ngao kwa aijuaye aibu akainyamazia. Mnunuzi akiiona ana hiyari ya kurudisha, nayo ni ya papo kwa papo. Asiendelee kukaa miezi sita kisha akalalamika. Na dalali naye, na jirani, na kila aijuaye aibu, imemlazimu kumwambia mnunuzi, ijapokuwa hatoi wala hapokei kitu. Mtume alipotia mkono katika lundo la chakula sokoni, akakuta umajimaji chini, hakumwuliza mwenyewe kama mnunuzi amekubali kununua kama kilivyo. Alimwuliza kwa nini hakuuweka juu watu wakauona.

Na katika miji yetu iko aibu moja isiyoonekana kwa macho. Minhaji chasema kwamba mwenye kuuza nyumba, bei yake huingia ardhi, na kila jengo, na milango iliyokazwa, wala haviingii vitu vya kuondoleka kama ndoo na kitanda. Lakini Mombasa na Ng'ambo ya Unguja watu walizoea tangu zamani kujenga nyumba zao juu ya ardhi ya wengine kwa kulipa kodi ya ardhi. Na kodi hiyo ndiyo iliyowafanya watu wa Ng'ambo kugoma mwaka 1928. Mpaka leo Mombasa ziko nyumba nyingi ambazo kuta ni za mtu mmoja na ardhi ni ya mwingine. Basi mwenye kuuza nyumba kama hiyo na asibainishe amemwuzia mwenziwe kuta kwa jina la nyumba, na ipo siku mwenye ardhi atakuja kumwambia aondoke.

MAS-ALA YA SITA: BEI MBILI, NA BEI ISIYO BEI

Katika Kenya ushuru wa stempu ni asilimia 4 ya thamani kwa nyumba za mjini, na asilimia 2 kwa za mashamba. Wako wanaopatana kwa shilingi 6,000,000 wakaandika 4,000,000, ili waokoe shilingi 80,000. Kwa ajili ya hizo wameandika uongo, wamewashuhudiza watu juu ya uongo, na mnunuzi ameiweka rehani haki yake. Kwani nyumba ikitolewa mkononi mwake, atadai kwa karatasi gani zile milioni mbili?

Na wako wanaokopa kwa jina la kuuza. Hii ndiyo bei khiyari waliyoizoea wazee wetu wa Unguja na pwani yote: mtu humwuzia tajiri nyumba kwa sharti akirudisha fedha arudishiwe nyumba yake, kisha hukaa ndani yake akilipa kodi kila mwezi. Hadhramaut ilijulikana kwa jina la bei ya uhda, na baadhi ya wanavyuoni wa huko waliitengenezea njia kwa dharura ya watu. Lakini tukiitazama kwa kusudio lake, fedha zimetoka, zitarudi zile zile, na katikati ile kodi ndiyo ziada. Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Jidda liliamua mwaka 1992 kwamba bei hii haifai, kwa kuwa hakika yake ni mkopo wenye kuvuta manufaa. Mwenye shida na asikopeshwe kwa njia itakayomtoa nyumbani kwake huku akiitwa muuzaji.

MAS-ALA YA SABA: NANI AAMBIWE KWANZA?

Mtume ameihukumia shufaa kwa mshirika katika kitu kisichogawanywa, na amekataza mtu kuuza hisa yake kabla ya kumwarifu mshirika wake. Madhehebu yetu yamefungia haki hii kwa mshirika tu, na Hanafi wakaipanua mpaka kwa jirani. Lakini tazama adabu ya masahaba. Imepokewa na Bukhari kwamba Abu Rafi alikuwa na vyumba viwili katika boma la Saad bin Abi Waqqas, akamtaka Saad avinunue. Saad hakutaka kutoa zaidi ya dirhamu elfu nne, tena kwa mafungu. Abu Rafi alikuwa amekwisha kupewa na mwingine dinari mia tano taslimu, nazo zilikuwa zaidi. Lakini akamwuzia Saad, kwa kuwa amemsikia Mtume akisema kwamba jirani ana haki zaidi kwa ukaribu wake. Aliiacha faida kwa ajili ya neno alilolisikia. Sisi leo tumelisoma neno hilo hilo, kisha tunauza usiku kwa mgeni ili jirani asijue mpaka mizigo iwasili.

HATIMA

Imepokewa na Bukhari na Muslim, kutoka kwa Abu Huraira, kwamba katika umma zilizopita mtu alinunua milki ya ardhi, akakuta ndani yake mtungi wa dhahabu. Akamwendea muuzaji amrudishie, akisema kwamba yeye alinunua ardhi, hakununua dhahabu. Muuzaji naye akakataa, akisema kwamba ameuza ardhi na vilivyomo. Wakateta mpaka wakaenda kwa hakimu, naye akauliza kama wana watoto. Mmoja akasema ana mvulana, na wa pili akasema ana msichana. Akawaamuru wawaoze watoto hao, na dhahabu ile iwatumikie na itolewe sadaka.

Angalia ugomvi wao ulikuwa wa nini. Kila mmoja alikuwa na hoja ya kuchukua, akaitumia hoja yake kumpa mwenziwe. Sheria haikuwalazimisha. Kilichowapeleka kwa hakimu ni hofu ya kuingiza nyumbani kitu chenye shaka. Basi hilo ndilo jawabu la swali tulilolianza. Karatasi hukukinga na watu. Hofu ya Mungu ndiyo hukukinga na nafsi yako, na nafsi ya mtu inapotaka nyumba ina hoja nyingi kuliko mawakili wote wa mjini.

Nilimwendea ndugu yetu Ijumaa ya pili, nikamweleza yote haya, na nikamwambia kwamba mimi nilikuwa mmoja wa mashahidi wa siku ile, na kwamba nilijua nikanyamaza. Nikamkumbusha kwamba Mtume alipoombwa na babake Nuumani bin Bashiri awe shahidi wa tunu aliyompa mtoto mmoja pasipo wengine, alikataa, akasema kwamba hashuhudii dhulma. Nami nilishuhudia. Alinitazama kitambo kirefu bila kusema, kisha akaniuliza wale kina mama wanakaa wapi.

Tulikwenda pamoja. Hawakutaka kumtoa nyumbani. Mkubwa alitaka thamani ya robo yake kwa bei ya leo, tukapatana ilipwe kwa miaka mitatu bila ziada. Mdogo alisamehe nusu ya haki yake kwa ulimi wake mwenyewe, baada ya kuambiwa ni kiasi gani, akapokea nusu. Kodi ya miaka iliyopita waliiachilia wote wawili. Nami nilitoa nilichokiweza katika malipo hayo, na ninaendelea kutoa, si kwa ihsani, bali kwa kuwa wino wa jina langu ungali katika karatasi ile. Yakaandikwa mapatano, nikaombwa kuwa shahidi. Safari hii nilimwuliza kila mmoja wao, mbele ya wenziwe, kama ameridhika, ndipo nikatia mkono wangu.

Nawausia ndugu zangu, na nafsi yangu kwanza. Mwenye kuuza na abainishe. Mwenye kununua na aulize. Mwenye kuitwa shahidi na akumbuke kwamba ataitwa tena, mahali ambapo hapana kahawa. Na mwenye nyumba ya mirathi isiyogawanywa, na aende leo kwa kadhi na dada zake, kabla wajukuu hawajarithi ugomvi badala ya nyumba.

Ewe Mola wetu, tujaalie riziki ya halali, na makazi yasiyo na haki ya mtu ndani yake, na utusamehe tuliyoyaandika na tuliyoyanyamazia. Wallahu aalam.